Kabazana si Mbarara

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja kule Kabazana, wanapopokelewa wakimbizi wapya wa kambi yetu hii ya Nakivale. Usicheke: mimi huyu ninayepepeta maharage nilikuwa mwimbaji wa bendi ya metali, ya magitaa ya kunguruma.

Jumamosi iliyotangulia tulipiga Mbarara, karibu na kambi ya jeshi. Tulifungua kwa wimbo wetu wa ngoma za mfululizo, na wanajeshi na wake zao wakaruka hadi vumbi likatufunika. "Ongeza ngoma, bwana!" afande mmoja akapaza sauti. Basi tukaja Kabazana na mpangilio uleule. Tulidhani kilichowalevya wale kitawalevya na hawa.

Ngoma zilipolipuka kama risasi, akina mama wakajitupa chini, wakawafunika watoto kwa miili yao. Uwanja mzima ulilala kifudifudi. Mungu wangu! Sisi tulifika Nakivale tukiwa migongoni mwa mama zetu. Hofu ile hatukuijua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Koko Nabintu, bibi aliyetufundisha kwaya, akapanda jukwaani na kuushika mkono wa mpiga ngoma.

"Bana bangu, munaona babo bantu? Banatoka mu masasi. Kule Mbarara hii ngoma ni furaha, huku ni vita. Mubaimbie ile ya kutwanga sombe."

Wimbo huo wa kutwanga kisamvu, wa mama zetu wa Kivu kule Kongo, tulikuwa tukiuweka mwisho, na mara nyingi tuliuacha. Mpiga ngoma akapiga taratibu, kama mchi kwenye kinu, gitaa likinguruma chini yake. Nikaimba.

Mama mmoja akainuka, vumbi usoni. Akapiga makofi. Kisha akaimba ubeti ambao sisi hatukuwahi kuusikia, na wenzake wakaupokea, mmoja mmoja, hadi uwanja wote ukasimama. Mwili ulinisisimka, mwanangu, na hata leo nikisimulia unanisisimka. Niliacha kuimba nikasikiliza tu.

Nasikia bendi yenu itapiga Kakiika kule Mbarara, kisha Rugaaga, kisha hapa Nakivale, nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule. Msifanye hivyo. Watazameni watu kwanza, ndipo mchague wimbo wa kufungulia. Badilisheni, na msiogope kuacha hata ule mnaosifiwa nao.

Mungu aibariki mikono yenu na awafungue macho. Na popote mtakapopiga, awainulie mtu mwenye ubeti msioujua, na awape adabu ya kunyamaza mumsikie.