Kindi wa Uani kwa Fundi Alawi

Mwaka 1954, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ilipokuwa inauma hasa, alifariki Bibie, mke wa fundi Alawi. Walikuwa wamekaa mji huo miaka ishirini na miwili, tangu waliposhuka kwenye lori kutoka pwani na cherehani moja na mikeka miwili. Alawi alikaa barazani mbele akishona kanzu na kaptura za kaki. Bibie alikaa uani. Mwanamume wa tabia za Alawi haingii uani asubuhi, wanawake wanapopika na kupeana habari; chai aliletewa, na akitaka kitu aligonga mlango wa kati. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyelalamika.

Matanga yalipokwisha, aliufungua mlango ule mwenyewe ili achemshe maji. Akakuta ndege wamejaa ukutani, shomoro, chiriku na tetere, wanangoja. Akakumbuka kwamba kila asubuhi alimsikia Bibie akiita kwa mlio wa ulimi, kisha sauti ya mbawa. Alilia pale pale, birika mkononi. Hawakujaliwa mtoto wa kumwombea marehemu, kwa hiyo akaweka nadhiri: maadamu yu hai, sadaka ya Bibie kwa ndege wake haitakatika hata siku moja.

Akasimika mti katikati ya ua, juu yake akapigilia ungo, akautia chenga za mchele na ulezi. Kopo la karanga lililokuwa kando ya kigoda cha Bibie alilihamishia jikoni, akawa anazitafuna na chai.

Siku ya nne akatokea kindi. Mmoja tu, ncha ya mkia imekatika. Alipanda mti, akaketi katikati ya ungo kama mwenye nyumba, ndege wote wakaruka. Alawi alikasirika kuliko alivyowahi kumkasirikia mteja yeyote, na wateja wa Mbeya wana visa.

Akaupaka mti samli. Kindi aliteleza siku hiyo. Kesho yake aliramba samli kwanza, ndipo akapanda. Akauzungushia mti bati la debe. Kindi akaruka kutoka ukutani. Ikafika mahali watu wakikutana na fundi wanaulizia habari za kindi kabla ya habari zake.

"Fundi, sadaka ni sadaka," Makame, muuza kahawa na rafiki yake wa msikitini, alimwambia. "Naye ana tumbo."

"Si yake. Ni ya ndege wa Bibie. Yule mwizi anamdhulumu marehemu."

Alichokuja kukifanya ni kazi ya fundi kweli. Alifunga waya kutoka ukuta hadi ukuta, akauning'iniza ungo katikati, na kila upande akapitisha kwenye waya vile vibao vya mviringo vinavyobaki uzi ukiisha. Baada ya miaka yote hiyo ya kushona alikuwa navyo gunia zima. Kindi akikanyaga kibao, kinazunguka, naye chini. Alianguka mara tatu asubuhi ile. Mara ya tatu aliondoka akichechemea, asionekane tena. Alawi alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Wiki chache baadaye alirudi Lusia, mwanamke wa Kisafwa aliyekuwa akimletea Bibie maziwa kwa mlango wa nyuma. Tangu kabla ya msiba alikuwa kijijini akimuuguza binti yake. Alitoa pole, kisha akasimama kuutazama waya.

"Mzee Alawi, hii ni ya nini?"

Akamweleza kwa fahari, pamoja na kule kuanguka. Lusia hakucheka.

"Ni yule wa mkia mfupi?"

"Huyo huyo."

"Mzee, yule alikuwa mtoto wa Bibie. Alimnyang'anya kwa paka, bado mdogo, mkia imekatwa. Akamlea huko jikoni ndani ya kikapu. Kila asubuhi anamwita, anakuja anapanda hapa kwa goti, anakula karanga kwa mkono. Hawa ndege walikuja nyuma, kuokota zile zinaanguka. Hukujua?"

Alawi akaketi kwenye kigoda.

"Sikujua. Mimi nilikuwa mbele."

"Alisema utamcheka."

Waya aliukata siku hiyo hiyo. Jioni alimwambia Makame kwamba uchungu ule uliuzidi wa mazishi. "Nimemfukuza mwanawe," alisema, "tena kwa jina lake Bibie."

Tangu hapo cherehani hufunikwa hadi saa tatu. Wateja wakibisha, wanaambiwa wasubiri. Alawi hukaa uani kwenye kigoda, karanga kiganjani, akijifunza ule mlio wa ulimi, ambao haumtoki vizuri. Ndege humjia hadi miguuni.

Mwezi wa kumi kindi alionekana ukutani, bado anachechemea. Alimtazama Alawi, akautazama na mkono, akakaa kitambo kirefu. Kisha akageuka, akarudi kwenye mpera wa jirani.

Asubuhi iliyofuata fundi alikuwa kwenye kigoda tena, kopo limejaa.