Mtoto wa Nyanjige Kwenye Geti la Pamba

Mtoto alilia nje ya geti la bati, na mama yake akamsikia. Katika kiwanda kile cha kuchambua pamba, Dutwa, mashine hunguruma hata watu huongea kwa mikono, lakini wakati huo zilikuwa zimezimwa zizibuliwe. Nyanjige akasikia kila kitu. Mtoto huyo, Joyness, alikuwa bado mchanga, hajui uji wala chupa. Maziwa yalikwisha kulowesha overoli. Hadi wiki hiyo mlinzi, Bujiku, alikuwa akimfungulia kimyakimya akanyonyeshe. Msimamizi mpya, Keneth, akapiga marufuku.

"Hiki ni kiwanda, si kliniki," Keneth alimjibu mbele ya wanaume alipoomba kutoka. "Ukitoka, usirudi. Wanaoitaka nafasi yako wamejaa Dutwa nzima."

Nyanjige hakutoka, kwa kuwa msimu wa pamba ndio unaoilisha nyumba yake. Sheria ya kazi ya nchi hii inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi. Hakuwa ameomba hisani ya mtu. Aliomba kilicho chake, akanyimwa, akarudi kufagia mbegu kifua kikimuuma.

Aliyembeba mwanamke huyu ni familia yake, na hilo hulisema mwenyewe kwa kila amuulizaye. Mama yake, Maximiliana, alikuja kutoka Nkololo kulea mjukuu. Lakini kwa desturi ya Kisukuma mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja, wala hawapeani kitu mkononi. Kwa hiyo bibi alilala kwa jirani, Esteria, na makabidhiano yalifanyika hivi: bibi anamlaza mtoto kwenye mkeka uani, anaingia jikoni, Masunga, mume wa Nyanjige, anakohoa, anakuja, anamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko na kuondoka kwa baiskeli kumpeleka akanyonye, maana bibi magoti yanamsumbua. Mwanamume na mbeleko barabarani! Vijana wa kijiweni walimwita Mama Joyness.

"Nipisheni basi," huwajibu, "mama nina haraka."

Siku hiyo ya Keneth, Masunga alirudi na mtoto aliyelia hadi sauti ikamkauka. Bibi akasikia kutoka jikoni.

"Esteria, hebu mwulize mkwe wangu. Wamekataa tena?"

"Mwambie wamekataa," Masunga akasema, akiutazama ukuta.

"Mwambie asimtue. Atangulie, mimi nakuja nyuma."

Kiwandani malori ya pamba yalikuwa kwenye foleni. Maximiliana, kanga ikimfunika nusu ya uso, akachechemea hadi katikati ya geti, akasimama.

"Mayu, pisha gari," Bujiku akamsihi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sipishi. Mwambie mkwe wangu anipe mtoto."

Bujiku akamgeukia Masunga, aliyekuwa hatua moja tu kutoka hapo. "Anasema umpe mtoto."

Chini palikuwa tope tupu. Mkeka usingeweza kutandikwa. Masunga akamfungua mtoto, akageuza uso pembeni, akanyoosha mikono. Bibi naye akageuza wake, akapokea. Mkono kwa mkono.

Dereva wa lori la mbele akazima injini.

"Wewe, ingiza gari!" akafoka Keneth, ambaye hakukulia huku.

"Siwezi, bosi."

"Huwezi nini?"

"Umewafikisha mtu na mkwewe hapa, halafu niwapitie na lori? Kwetu nitarudi na uso gani?"

Injini nyingine zikazimwa nyuma yake. Maximiliana akamwambia Keneth bila kupaza sauti: "Baba, nimeiweka heshima yangu kwenye tope kwa sababu yako. Sasa niitie binti yangu."

Keneth aliitazama foleni isiyosogea, kisha akaita.

Nyanjige alinyonyeshea ndani ya kibanda cha mlinzi, Bujiku akiwa ameuziba mlango kwa mgongo wake. Joyness alinyonya kwa pupa, akihema kwa pua. "Wabeja, mayu," Nyanjige alimshukuru mama yake, machozi yakimtoka huku akicheka. "Wabeja, baba Joyness." Kesho yake mkeka ulirudi uani, kikohozi kikarudi mahali pake, na geti likafunguliwa. Linafunguliwa hadi leo, na mtoto amenenepa mashavu.

Nyanjige anawashukuru watu wake kila jioni, hata dereva yule asiyemjua jina. Lakini Keneth, Nyanjige hajamshukuru, wala hapaswi kumshukuru.

Ninyi wenye viwanda vya pamba, nanyi maofisa kazi mnaoishia kunywa soda ofisini kwa meneja bila kufika kwenye mashine: saa hizo mbili zimekwisha kutolewa na sheria, si na ninyi. Wafungulieni geti mama wote, kesho asubuhi. Watengeeni chumba chenye mlango na kiti. Msingoje bibi mwingine aje kusimama kwenye tope na mkwewe.