Fundi Sekunde na Mchezo Usiouzwa

Nilitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo haikutoka hata pamba mlangoni kwangu bila sahihi. Madaktari walininunia, wauguzi walinisema chinichini, mimi nikatia pamba masikioni. Mtu akija mbio na kusema, "Mama Stoo, nipe tu, fomu nitaleta baadaye," nilijua papo hapo kwamba hiyo fomu sitaiona. Nayasema haya mapema kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya mdogo wangu, na ndani yake mimi sipendezi hata kidogo.

Mdogo wangu ni fundi saa. Mtaa mzima unamwita Sekunde, kwa kuwa tangu ujana wake ukimwachia saa anakwambia, "Sekunde tu," halafu unasubiri wiki mbili. Meza yake ya kazi iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, chini ya dirisha: taa ya shingo ndefu, lenzi ya kubana jichoni, vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na visahani vya kuwekea skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Ni fundi hasa. Hata hivyo, kila alipofungua saa yangu mimi nilivuta kiti nikakaa pembeni. Ina skrubu kumi na moja. Nilizihesabu zikitoka, nikazihesabu zikirudi, naye akawa anacheka mpaka lenzi inamdondoka.

"Dada, wewe hata kioo unakishuku."

"Kioo nakiamini. Wewe ndiye sijui."

Miaka miwili iliyopita akapata kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia uligoma katakata. Mwezi uleule saa yangu ikasimama, ile niliyovalishwa na marehemu mume wangu. Sikuipeleka kwa fundi mwingine. Nawajua, wanatoa mashine nzima wanakurudishia ganda. Nikaitia kwenye droo ya meza ya Sekunde.

"Iache hapo," akaniambia. "Nitaifungua mwenyewe."

"Kwa mkono gani?"

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni. Akageukia dirishani.

Jirani yetu mmoja ana duka la kuchapisha na kutoa kopi, na sisi tunamwita Kopi. Yeye ndiye aliyemletea Sekunde kompyuta mpakato kuukuu, iliyokuwa imeshindwa kubeba mfumo endeshi wake wa kulipia. Akaufuta, akaweka mwingine unaoitwa Linux, na juu yake akaweka mchezo mmoja, naye akasema mfumo na mchezo vyote ni programu huria.

"Ni vya bure, mama."

"Bure ya nani?"

"Ya kila mtu. Vinatengenezwa na watu wa kila pembe. Hata maandishi ya ndani yanayoendesha programu wameyaacha wazi. Anayetaka anasoma, anayeweza anarekebisha."

"Na wao wanapata nini?"

"Wengine wameajiriwa kwa kazi hiyo. Wengine wanapenda tu."

Wanapenda tu! Stoo yangu iliwahi kuibiwa mashuka mia mbili na mtu aliyekuwa anapenda tu kunisaidia kufunga milango. Nikamtazama Kopi kuanzia viatu hadi kofia.

Mchezo wenyewe ulikuwa kitu cha kitoto. Kuna ubao wenye njia za kupinda na mashimo, na juu yake mpira mdogo wa chuma. Unauinamisha ubao kwa kipanya, mpira unaviringika, ukizubaa unatumbukia shimoni na kuanza upya. Ukifaulu unapewa ubao mwingine mgumu zaidi. Kila siku baada ya chai ya asubuhi Sekunde alikaa hapo mpaka saa sita, mtu mzima mwenye mvi. Nikiingia tu, anabonyeza kitufe, mpira unatoweka na kioo kinakuwa cheusi chenye maandishi meupe. Sasa niambieni, mchezo wa mpira unafichwa wa nini?

Halafu kila Ijumaa akawa anaandika barua humo ndani, kwa lugha ya kigeni aliyojifunza kwenye vitabu vya vipuri vya saa. Majibu yakija, anacheka peke yake.

"Unamwandikia nani?"

"Wenye mchezo."

"Wanakutakia nini?"

"Wanataka niwaambie palipoharibika."

Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Nani duniani anakupa kitu bure, kisha anakuomba umtangazie ubovu wake? Jioni hiyo nikaihamisha hati ya nyumba kutoka kabatini hadi chini ya godoro langu. Nikaanza kupita nyuma ya kiti chake na ufagio, nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Na siku moja nikaona kwenye kioo kitu kilichonitia baridi: picha ya mkono wake wa kushoto, vidole vimetandazwa, inatumwa kwa watu hao.

"Wanataka mkono wako wa nini?"

Alishtuka. "Nitakwambia siku ikifika, dada."

Kwa mtunza stoo, hayo ni maneno ya mtu aliyeficha katoni chini ya ngazi. Nikajua ni alama za vidole. Nikajua mdogo wangu, maskini, ugonjwa umemlegeza na matapeli wamemwona.

Jumatatu alipokwenda hospitali kwa mazoezi ya viungo, nikaitia kompyuta kikapuni, nikaifunika kitambaa, nikaenda duka la mtaa wa tatu. Kwa Kopi sikwenda, maana naye nilikuwa nimemweka kwenye orodha.

"Toa mfumo huu," nikamwambia fundi wa pale. "Niwekee wa kulipia, wenye stakabadhi."

"Kuna vitu vya kuhifadhi, mama?"

"Futa vyote."

Stooni kwetu tuliteketeza dawa zilizopitwa na wakati mbele ya shahidi, kwa hiyo nilivuta kiti nikashuhudia mpaka mstari wa kufutia kwenye kioo ukafika mia kwa mia. Nikatia sahihi mara mbili. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikaimba hata njiani.

Sekunde aliporudi aliifungua, akautafuta mchezo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina majibu yangu yote mkononi. Ugomvi haukuja.

"Ubao wa mia na kumi na mbili," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Nilikuwa nimefika huko. Ziko mia na ishirini. Wa kwanza pekee ulinichukua wiki nne, dada, kwa mkono huu." Akauinua wa kushoto, akautazama. "Nilijiwekea kwamba nikimaliza zote, nafungua saa yako."

"Kopi si ataurudisha mchezo?"

"Mchezo utarudi. Mimi nitarudi ubao wa kwanza." Akafungua droo, akanipa saa yangu. "Peleka kwa fundi mwingine. Ukahesabu skrubu huko."

Wiki nzima hakugusa kitu. Zamani alikoroga chai yake mwenyewe, akiimwaga nusu na kucheka. Sasa akaniomba nimkorogee. Alikaa dirishani ameukalia mkono wa kushoto, kama vile na huo umekufa. Niliogopa kuliko siku ya kiharusi, kwa sababu siku ile angalau mkosaji sikuwa mimi.

Nikaenda kwa Kopi. Nilimweleza yote nimesimama, nikiwa nimeshika ukingo wa meza yake. Aliacha mashine ya kopi ikamwaga karatasi chini.

"Mama, mbona hukuuliza?"

"Niliuliza. Akasema siku ikifika."

"Basi ungesoma barua zake."

"Nisome za mtu? Ziko wapi?"

"Ziko wazi! Ukurasa wa mchezo, kila anayetoa taarifa ya kosa, barua yake na jibu lake vinakaa hapo. Yeyote anasoma. Hata wewe, tangu siku ya kwanza."

Nililazimika kukaa. Miaka thelathini na moja nadai watu daftari, na safari hii daftari lilikuwa limefunguliwa mezani, mimi nafagia nyuma ya kiti.

Kopi akanisomea kwa lugha yetu, taratibu. Barua ya kwanza ilisema hivi: "Mimi ni fundi saa. Mkono wangu wa kulia haufanyi kazi. Kuinamisha ubao kunataka mkono mmoja, na vitufe vya kibodi vinataka wa pili. Hili ni kosa la mchezo, au ni mimi?" Jibu lilikuwa fupi: "Ni kosa. Letu." Wakamwomba picha ya mkono wake ili waone vidole vipi vinafika wapi juu ya kipanya, kisha wakaubadilisha mchezo, ukachezeka wote kwa mkono mmoja. Hao ndio waliokuwa matapeli wangu.

"Hii hapa inakuhusu," Kopi akasema, akasita.

"Soma."

"'Dada yangu anadhani ninyi ni wezi. Msikasirike, alitunza stoo. Akiingia nazima mchezo, kwa sababu mkono unatetemeka na sitaki auone. Nataka auone siku ninafungua saa yake, akae pembeni ahesabu skrubu kama zamani.'"

Nililia pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Sikujificha.

Kopi aliendelea kushuka na barua, mara akapiga meza. Mwezi uliopita mpira ulikuwa unanata kwenye ubao wa tisini na saba, na Sekunde, ili watu wale waone kosa, aliwatumia faili zima la mchezo wake, lenye kumbukumbu ya alipofika. Lilikuwa bado limening'inia kwenye barua yake. Akalichukua.

"Nisaini wapi?" nikauliza.

"Hapasainiwi, mama."

"Kopi, nisaini wapi?"

Akanipa karatasi tupu. Nikatia sahihi, nikatulia.

Nyumbani nilimweleza Sekunde yote, na ya barua pia. Alinuna kidogo kwa kusomwa, kisha akakumbuka ziko wazi. Kopi akarudisha mfumo, mchezo, na faili.

"Tisini na saba," Sekunde akasema. "Kumi na tano zimepotea."

"Nimezipoteza mimi. Nisamehe, mdogo wangu."

Alikisukuma kiti kingine kwa mguu kuelekea kwangu. "Kaa basi."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza niliuona mkono ukitetemeka, na mpira ukitumbukia shimoni mara tisa mfululizo, naye akitukana kwa upole kila mara. Mara ya kumi ukapita. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Ubao wa mia na ishirini aliumaliza baada ya miezi mitatu, na kesho yake akaitoa saa yangu, niliyokuwa nimeirudisha drooni. Ilimchukua siku nne. Nilikaa pembeni nikahesabu, maana ndivyo alivyotaka: kumi na moja zilitoka, kumi na moja zikarudi. Saa ikalia. Akanifungia mkononi kwa vidole vyake vya kushoto, na hilo nalo likamchukua muda.

Tatizo ni kwamba inachelewa dakika nne kwa siku. Nilinyamaza wiki nzima. Nilijiambia huo ndio upendo, nikawa nairekebisha kwa siri jikoni. Halafu nikawakumbuka wale watu wa mchezo na kitu pekee walichokuwa wanakiomba, nikachukua karatasi nikaandika: "Saa inachelewa dakika nne kila siku. Nimepima siku saba. Hili ni kosa la saa, au ni mimi?" Nikaiweka mezani kwake.

Aliisoma, akacheka mpaka lenzi ikamdondoka.

"Ni kosa," akasema. "Langu. Lete."

Nikaivua saa, nikaiweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Alishakivuta kiti changu karibu na meza. Mimi nikashika njia ya jikoni, kuweka maji ya chai.

"Dada! Leo skrubu hazihesabiwi?"

"Ziko wazi hapo mezani," nikamjibu. "Anayetaka atazihesabu."