Jina la Mama Redioni

Juzi, kwa fundi mmoja wa Gungu, niliona redio kuukuu kama ya jirani yetu wa Bangwe, nikacheka peke yangu. Utotoni niliijua kwa matangazo ya vifo tu. Alasiri moja ikataja jina la mama: Skolastika Nahimana. Sikungoja mengine. Nililia njia nzima hadi ufukweni, kwenye harufu ya dagaa, nikamkuta anawageuza juani.

"Mama, redio imesema umekufa!"

Jirani akafika nyuma yangu, anahema. "Mama Neema, kaka yako yu hai! Yuko kambini, anakutafuta kupitia redio."

Tangu tukimbie Burundi hakuna aliyemtaja mjomba. Mama, aliyekuwa akituchapa tukikanyaga dagaa wake, akaketi juu yao.