Mawe Manne ya Kusagia Kule Chitete

Niliondoka nyumbani Nanyala kwa sababu mbili. Ya kwanza, daktari wa macho, Mzungu aliyekuwa akizunguka wilaya zetu, alitafuta kijana mwenye mgongo imara. Ya pili ni yangu mwenyewe: tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa nikitazama malori yakipita barabara kuu, nikijiuliza vumbi lile huenda kutulia wapi. Mama alinifungia viazi vitamu katika jani la mgomba, akasema, "Nenda, Yona, lakini usitazame mawingu huku umeshika kazi ya watu." Nawaandikieni ninyi wa nyumbani mjue nilivyotii, na pale niliposhindwa.

Tuliondoka alfajiri pamoja na daktari, baridi ya Mbozi ikituuma masikio. Dereva wetu aliitwa Haonga, mtu mnene, mcheshi. Nyuma ya lori lake tulivuta nyumba ya magurudumu mawili, ya bati jeupe, yenye madirisha mapana, na ndani yake kitanda cha kupasulia na meza ya vyombo. Kila pembe ya nyumba ilikuwa na mguu wa chuma wa kuteremsha kwa kuzungusha mpini. Kazi yangu ilikuwa kuisimamisha nyumba hiyo kila tulipofika isitikisike, maana daktari hukata jicho kwa kisu chembamba kuliko jani la nyasi.

Saa sita mchana tulikuwa Tunduma. Mama mmoja muuza togwa alituamkia kwa Kibemba, "Mulishani?" nami nikamjibu kwa Kinyiha, tukacheka wote wawili. Aliizunguka nyumba yetu mara mbili.

"Mnahama nayo?" akauliza. "Au mmegombana na majirani?"

"Majirani ni wema, mama," Haonga akasema. "Ni huyu kijana tu, akienda safari hulilia kwao."

Akatujazia kibuyu cha pili bila kuombwa. Mungu amlipe.

Toka Tunduma kwenda Chitete barabara ni mawe na mashimo. Tuliteremka, joto likapanda, na udongo mwekundu ninaoujua ukageuka mweusi. Alasiri tukapokelewa uani kwa Mama Eliza, mjane Mnamwanga, ambaye mama yake mzazi, Bibi Nachilima, alikuwa haoni miaka sita. Bibi alikuja kutusalimu akishikwa mkono na mjukuu wake Eliza, mtoto wa miaka minne.

"Huyu nimemlea mgongoni," Bibi akaniambia, akipapasa kichwa cha mtoto. "Naijua sauti yake, najua uzito wake. Sura, bado. Kesho mtanionyesha?"

Nikasema ndiyo, kama vile kisu ni changu.

Haonga alijilaza chini ya lori kufunga chuma kilicholegea njiani, akaniagiza kutoka huko huko: "Chagua palipo sawa. Funga breki, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Sawazisha, ndipo uteremshe miguu." Nilifanya hayo yote. Kisha nikaongeza akili yangu. Kwetu baba ni mjenzi wa maghala ya mahindi, na ghala halisimami mpaka nguzo zake zifukiwe na kushindiliwa. Basi nikachimba mashimo manne, nikaizamisha miguu ile ya chuma, nikashindilia udongo mpaka jasho likanitiririka. Nikaisukuma nyumba kwa bega. Tuli! Nikalala nikijiona fundi.

Asubuhi wagonjwa walikusanyika, na akina mama wakawaosha nyuso mlangoni, mitungi kwa mitungi. Yale maji yakatiririka hadi kwenye mashimo yangu. Udongo mweusi ule, jamani, ukilowa ni uji. Daktari alikuwa amekwisha kumlaza Bibi na kupanga vyombo, mara bakuli likaanza kutembea lenyewe mezani, likaanguka.

Daktari akainama. Akaweka pima maji ya waashi sakafuni, kile kibao chenye povu la hewa, na povu likakimbilia pembeni.

"Nyumba ikiwa hivi sikati," akasema kwa Kiswahili chake kifupi. "Mgonjwa hulala siku tano chini ya macho yangu. Siku ya sita nangojwa Isongole. Kama si leo kabla jua halijaacha dirisha hili, basi mwakani."

Bibi alisikia. Hakulia, aliuliza tu, "Mwakani Eliza atakuwa mrefu kiasi gani?" Mimi ndiye niliyelia.

Haonga alichungulia miguu iliyofukiwa. "Wee Mnyiha! Nani alikuambia upande nyumba? Unangoja izae? Miguu hii haibebi, inashika tu. Mzigo ni wa magurudumu. Na chini ya miguu panahitaji kitu kipana, kigumu."

"Mbao?"

"Mbao zetu umeziona? Mbili zimepasuka."

Nikawaambia watu kosa langu, wazi, mbele ya wote. Nilitegemea matusi. Mama Eliza akasema, "Watani zetu hawa, wangepewa ng'ombe wangemfukia miguu asitoroke." Watu wakacheka, kisha akaingia jikoni kwake, akatoka amekumbatia jiwe lake la kusagia, pana, lililolainishwa na mikono ya mama yake kabla yake. Majirani watatu wakaenda wakaleta yao. Wengine walikuwa wamekwisha kuchimba udongo wa kichuguu, wakaumwaga upande wa juu wa ua, pakavu, wakaushindilia kwa miti wakiimba, kama watengenezavyo sakafu za nyumba zao.

Tukafukua miguu, tukaikunja. Haonga akavuta nyumba taratibu hadi pale. Breki, mawe ya kuzuia magurudumu. Nikaweka tabaka la udongo mkavu chini ya gurudumu la kushoto mpaka povu likakaa katikati, kisha nikainua mbele kidogo. Mwisho nikateremsha kila mguu juu ya jiwe, polepole, na ulipogusa tu nikaacha. Daktari akaweka glasi ya maji mezani, akaingia na kutoka mara tatu. Maji hayakucheza.

Jua lilikuwa bado dirishani alipomaliza.

Siku tano zile hakuna unga uliosagwa katika nyumba nne. Walikula viazi na maboga, nasi wakatugawia, na hakuna aliyetukumbusha kwa nini.

Siku ya tano daktari alifungua kitambaa. Bibi alipepesa, akamtazama Eliza muda mrefu. "Kumbe una masikio makubwa hivi," akasema, "na miaka yote hunisikii nikikutuma maji!" Mtoto akajificha nyuma ya mama yake, naye Bibi akamfuata mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Tuliondoka kwenda Isongole, tukirudi kwanza Tunduma kwa njia ile ile, mawe tumeyarudisha yamesuguliwa safi. Nimejifunza kwamba kazi ninayoijua kwetu naweza kuwa siijui kwa wenzangu, na kwamba kuuliza hakuchoshi kama kufukua. Lakini zaidi nawashukuru wanawake wanne wa Chitete, waliokubali kulala bila ugali ili bibi mmoja amwone mjukuu wake.