Chembe Sita za Dhahabu

Juzi, kwenye duka la mitumba Woolwich, niliona karai la kijani la kuoshea dhahabu, nikasikia tena harufu ya nyasi mbichi na mchanga wa mto. Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, klabu ya wastaafu wanaosaka dhahabu kwa kujifurahisha ilimwalika Mama kwenye mashindano yao bustanini. Kila mmoja alipewa ndoo ya mchanga yenye chembe sita za dhahabu. Wa kwanza kuzipata zote angeondoka nazo.

Mama alizungusha karai, maji yakalia shwaa, mchanga ukamwagika. Nilidhani anaitupa dhahabu ya watu, nikaanza kuwaza tutaombaje msamaha.

"Mama, unaimwaga!"

"Wee, tulia. Dhahabu ni nzito, haitoki."

Zikabaki sita, zote! Bingwa wao alikuwa bado anatafuta ya nne. Nilirukaruka nikipiga kelele kwamba tumetajirika.

"Kwa hivyo kesho huendi kazini?" nikamuuliza.

Mama alicheka mpaka akashika magoti. Sasa najua hazikutosha hata nauli ya basi.

"Kule Migori, nikiwa mdogo kama wewe, siku tukipata chembe kama hizi mtoni, tulikula nyama," alisema.

Kisha, kabla sijauliza lolote, akaomba ndoo nyingine.