Siku Mama Alipoamua Fainali

Harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi hunirudisha mpaka leo kwenye uwanja wa vumbi wa Matsangoni. Ndivyo tulivyolainisha glavu zetu, msomaji wangu: unazipaka mafuta, kisha unazilalia chini ya mto. Majirani walitucheka. Mchezo gani huu wa kupiga mpira kwa gongo, halafu ukimbie kama umeiba kuku?

Ligi yetu ya besiboli iliendeshwa na watu wa kujitolea. Baba Karisa alichora mistari kwa majivu. Bi Fatuma alituletea machungwa. Mama yangu alikuwa mwamuzi wa mazoezi ya jioni, kazi iliyokimbiwa na wote, maana mwamuzi hapendwi na upande wowote. Jumamosi, siku za mechi, alikuwa kibandani kwake sokoni Malindi. Hakuwa ameniona hata mara moja nikirusha mpira kwenye mechi.

Siku ya fainali dhidi ya Kilifi alifunga kibanda, akaja amejifunga leso mpya. Mimi ndiye niliyekuwa mrushaji.

Mwamuzi hakutokea. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani, na jua lilikuwa linashuka. Mwalimu Salim, kocha wetu, akamgeukia Mama.

"Mama Dama, tuokoe."

Kocha wa Kilifi akatikisa kichwa. "Samahani, mama. Mzazi haamui mechi ya mwanawe. Mwamba ngoma huvutia kwake."

Watoto wa Kilifi walikuwa wameanza kukusanya mifuko yao, wengine machozi yakiwalengalenga.

"Basi mwanawe hachezi," Mama akasema. "Dama, mpe Kahindi mpira."

Nikampa, naye akashika nafasi yangu ya kurusha.

Nilikaa kwenye benchi nikiuma kucha. Tulifika zamu ya mwisho, ya Kilifi kupiga, tukiwa sare. Mchezaji wa Kilifi akakimbilia kibao cha nyumbani, ambapo akifika kabla ya mpira wanapata alama ya ushindi, mpira nao ukija nyuma yake. Akajirusha chini, vumbi likamfunika yeye na mdakaji wetu. Nilishikilia benchi kwa mikono miwili. Mama aliinama, akatazama, akanyoosha mikono kando.

"Salama!"

Tukawa tumeshindwa. Watu wetu wakamzingira wakipiga kelele. "Umetuuza!" Ganda la chungwa likampiga begani. Mama hakurudi nyuma. Nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Baba Karisa akajipenyeza, akasimama mbele yake mpaka watu wakatawanyika.

Tulirudi nyumbani. Uani, kabla hata ya kunawa vumbi, Mama alichukua glavu yangu, akachuchumaa kando ya mgomba.

"Haya, rusha."

Nikarusha kwa hasira. Akadaka, akanirudishia, akasema tena, "Rusha." Mara moja mpira ulimponyoka, akaufuata mpaka kwenye banda la mbuzi, akarudi akicheka. Tuliendelea mpaka giza likaumeza mpira.

Nilidhani ananibembeleza. Miaka mingi baadaye, nikimtazama binti yangu akicheza, ndipo nilipoelewa: jioni ile Mama alikuwa anatazama mechi yangu, ile aliyofunga kibanda kuja kuiona.